Winchi ya Boti kwenye Ua wa Nkuhungu

Nimezaliwa Kongwa na ninaishi Nkuhungu, mjini Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji mengi kuliko yote niliyoyaona utotoni yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Kwa hiyo mgeni anayeingia nyumbani kwangu na kukuta kisiki cha mwarobaini kilichofungwa winchi ya boti ya matanga huwa ananitazama usoni kabla hajauliza. Huwa namwonyesha kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto, ambacho ukucha wake uliota upya ukiwa umepinda, kisha namwomba aketi, kwa sababu maelezo yake si mafupi.

Mume wa dada yangu anaishi Dar es Salaam na kazi yake ni kutunza boti za watu pale upande wa Msasani. Mwezi Julai, miaka kadhaa iliyopita, wakati upepo wa kusi umekaza, alinichukua kwenye boti ya mita tisa pamoja na mzee mmoja wa Mafia ambaye amekulia kwenye mashua na ngalawa, na ambaye sote tulimwita Nahodha ingawa boti haikuwa yake. Nilipewa kazi ya demani ya tanga la mbele, yaani kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga na kulizuia lisipeperuke ovyo. Kwenye mashua ya zamani demani huvutwa kwa mikono na kuzungushwa kwenye boriti. Kwenye boti hizi za kisasa huzungushwa kwenye winchi, ambayo ni dramu ya chuma iliyosimama wima, yenye tundu juu la kuchomeka hendeli. Nikaelezwa kwa sekunde kumi hivi: zungusha kamba kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, vuta mkia (ile ncha iliyo huru), chomeka hendeli, kaza. Nikafanya hivyo na nikajiona baharia.

Tulipogeuza boti ili upepo utujie kwa upande mwingine, niliharakisha. Niliweka mizunguko minne kwenye dramu ilhali kamba bado imelegea, nikavuta, na mzunguko mmoja ukapanda juu ya mwenzake ukaubana. Hapo kamba haiendi mbele wala hairudi nyuma. Mimi, kwa akili ya mtu aliyezoea kutatua uzi wa cherehani ya mama yake, nikaingiza kidole kati ya mzunguko na mzunguko ili niutenganishe, na papo hapo upepo ukaongezeka kidogo. Sikusikia maumivu mara moja. Nilichokiona ni kwamba kidole kimeingia mahali ambapo hakikuwa na nafasi ya kuingia. Nahodha hakunivuta. Alisukuma usukani, boti ikaelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye upepo, tanga likaanza kupigapiga bila nguvu, kamba ikalegea, nami nikautoa mkono wangu ukiwa na damu.

Alipomaliza kunifunga kitambaa alisema, "Mwanangu, uliiona kamba imesimama. Haikusimama. Imezuiwa."

Nilirudi Dodoma na sentensi hiyo, na tangu hapo nimekuwa nikiamini kwamba wanaotufundisha winchi wanaanza na upande usio sahihi. Hutufundisha kuvuta. Kuvuta hakuhitaji mwalimu mrefu, kwa sababu mwili wenyewe unakwambia kazi ni nzito na winchi yenyewe hairudi nyuma. Kinachohitaji mazoezi ni kuachia: kulegeza kamba iliyobeba mzigo, kwa kiasi unachotaka, wakati unaotaka, bila mkono kufuata kamba. Na kuachia hakufundishiki vizuri baharini mara ya kwanza, maana pale mzigo ni upepo, na upepo haukuambii kwamba sasa unaongeza.

Ndiyo maana nilinunua winchi. Ilikuwa ya mtumba, ndogo, ya gia moja, na fundi wa kuchomea wa mtaani alinitengenezea bamba la chuma nikalifunga kwa bolti nne kwenye kisiki cha mwarobaini tulioukata mwaka uliotangulia. Mizizi ilikuwa bado imeshika ardhi kama ilivyokuwa ikiushika mti.

Kabla ya kuifunga niliifungua, na hapo nikajifunza jambo ambalo mtu anayezungusha hendeli tu anaweza kukaa miaka asilijue. Ukiinua dramu unakuta ndani yake vijino viwili vya chuma, kila kimoja kina ukubwa wa punje ya hindi, na kila kimoja kinasukumwa na springi nyembamba kama unywele. Ule mlio wa *trrr* unaousikia unapokaza ni vijino hivyo vinavyoruka juu ya meno ya dramu, na ndivyo peke yake vinavyozuia dramu yenye mzigo isizunguke kinyume. Simu ya Nahodha ilikuwa fupi: gia zipake grisi kidogo, vijino vipake oili nyepesi tu, usiguse na grisi. Grisi huvigandisha vijino vikalala kwenye kitanda chake, springi ikashindwa kuvisukuma, na siku dramu ikirudi nyuma ghafla haitakuuliza kama hendeli bado imo. Kwa mtu wa Dodoma hilo lina uzito wa ziada, kwa sababu vumbi letu la Agosti likichanganyika na grisi linakuwa kitu kama saruji. Springi moja iliruka kutoka kwenye mkeka ikapotelea mchangani, na binti yangu aliitafuta kwa sumaku ya spika mbovu hadi adhuhuri. Baadaye shemeji aliniambia kwamba mafundi wa boti hutoboa boksi la karatasi ngumu na kulivisha winchi kabla ya kuifungua, ili springi zikiruka zisiangukie baharini. Angeweza kuniambia mapema.

Mzigo wangu ulikuwa maji. Jirani alinikopesha fremu ya mabomba yenye miguu mitatu, nikatundika kapi, nikapitisha kamba ya poliesta ya milimita 10 hadi kwenye winchi, na upande wa pili nikaning'iniza madumu ya lita 20, ambayo kila moja likijaa lina kilo 20 za maji na hakuna ubishi. Sikuyapandisha zaidi ya shubiri moja kutoka ardhini, ili chochote kitakachokatika kianguke shubiri moja tu. Mke wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni. "Baba Neema, maji ya mgao yamekuja juzi, leo unayaning'iniza?" Nilimhakikishia kwamba yatashuka yote na yataogesha watoto, na kweli yaliwaogesha.

Madumu yana faida kwamba yanakubali kugeuzwa kuwa upepo. Kuna hesabu inayotumiwa na watengenezaji wa vifaa vya boti kukadiria nguvu inayokaa kwenye demani ya tanga la mbele: eneo la tanga kwa mita za mraba, zidisha kwa kasi ya upepo ikiwa imezidishwa kwa yenyewe, kisha kwa namba ndogo isiyobadilika. Kiini chake ni huko kuzidisha kasi kwa yenyewe. Tanga la mita 20 za mraba kwenye upepo wa kilometa 18 kwa saa, ambao ni upepo wa kawaida wa alasiri, huivuta demani kwa takriban kilo 40, yaani madumu mawili. Upepo ukifika kilometa 37 kwa saa, ambayo ni kama mara mbili tu ya ule wa kwanza, mvuto hauwi madumu manne bali manane. Nilipoyaona madumu manane yamekusanyika pamoja chini ya fremu, ndipo nilipoelewa ni kitu gani nilikuwa nimekitilia kidole.

Jaribio lililonifaa kuliko yote nililifanya kwa mizani ya ndoano, ile wanayotumia wauza nyama. Nilitundika madumu manne, kilo 80, nikafunga mizani kwenye mkia wa kamba na kusoma ni nguvu kiasi gani inahitajika ili mzigo usishuke. Kwa mzunguko mmoja kwenye dramu, mizani ilisoma kilo 31 hivi, na nilikuwa nimekaza meno. Kwa mizunguko miwili, 12. Kwa mitatu, karibu 5. Kwa minne, kilo mbili, ambazo binti yangu alizishika kwa vidole viwili huku akicheka. Tazama jinsi inavyoshuka: kila mzunguko unaoongeza haupunguzi kiasi kilekile, bali unagawanya kilichobaki, kwa upande wangu kwa zaidi ya mara mbili kila safari. Wanahisabati wanaiita kanuni hii kwa majina ya Euler na Eytelwein, na jambo la ajabu ndani yake ni kwamba ukubwa wa dramu haumo. Kilichomo ni idadi ya mizunguko na jinsi kamba inavyolishika chuma. Kamba laini ya kisasa ya Dyneema, ambayo haivutiki na ina nguvu kubwa, inateleza zaidi, kwa hiyo inadai mzunguko wa ziada.

Sasa hendeli. Ya kwangu ina urefu wa sentimeta 25, na kutoka katikati ya dramu hadi kamba ni sentimeta tatu na nusu, kwa hiyo kilo moja ya mkono wangu inakuwa karibu kilo saba kwenye kamba, ukitoa kinacholiwa na msuguano. Winchi kubwa za gia mbili huzidi hapo mara nyingi: ukizungusha upande mmoja inakwenda haraka, ukizungusha kinyume inakuwa nyepesi mkononi na nzito kwenye kamba, huku dramu yenyewe ikiendelea kuzunguka upande uleule. Watu hufurahia sana sehemu hii. Mimi naiona ndiyo inayodanganya, kwa sababu inamfanya mtu mwenye kilo 60 ashike kilo 300 bila mwili wake kupata habari. Winchi ya umeme inadanganya zaidi. Ile haina mkono wa kusikia kwamba kuna kitu kimekwama, na anayebonyeza kitufe anapaswa kutazama kamba na mikono ya wenzake, wala si tanga. Hendeli ikimaliza kazi itolewe na kuwekwa kwenye mfuko wake, na iliyo na kufuli ifungwe inapokuwa kazini. Mengine juu yake ni mepesi.

Kilichonichukua miezi ni mikono. Nahodha alinisahihisha kwa simu na kwa picha za video nilizomtumia, na mara nyingi jibu lake lilikuwa neno moja: "Mbali." Alimaanisha mkono uwe mbali na dramu. Unapoongeza mzunguko wakati kamba ina mzigo, ngumi yako ishike mkia wa kamba huku upande wa kidole kidogo ukiwa ndio ulio karibu na winchi na kidole gumba kikiwa upande wako, ili kamba ikikuvuta ngumi igonge dramu na kusukumwa nje, badala ya vidole kuingia kimoja baada ya kingine. Kamba haizungushwi kwenye kiganja hata mara moja, hata ikiwa inateleza, hata ikiwa mkono umechoka. Kamba ya kuzungusha ina dramu yake. Pete nilizivua, na ile ya ndoa inakaa kwenye kikombe dirishani kila ninapofanya mazoezi, jambo ambalo mke wangu amelivumilia kuliko lile la maji. Mtandio au shuka yenye ncha zinazoning'inia ifungwe nyuma.

Kupandana kwa kamba, lile kosa langu la kwanza, kulikuwa na sababu mbili na zote nilizirudia makusudi hadi nikazizoea. Ya kwanza ni kuweka mizunguko mingi mapema: anza na mmoja au miwili wakati kamba imelegea na unaivuta haraka, kisha ongeza wa tatu na wa nne inapoanza kuwa nzito. Ya pili ni kamba kuifikia dramu ikitokea juu. Inatakiwa iifikie ikipanda kidogo kutoka chini, ili kila mzunguko mpya ujipange chini ya ule uliotangulia. Nilipoinua winchi kwa kipande cha ubao, shida ilipungua papo hapo. Ikishapandana, dawa haimo kwenye vidole. Aidha mzigo uondolewe, kama Nahodha alivyofanya kwa kugeuza omo, au kamba nyingine ifungwe kwenye ile iliyobanwa, mbele ya winchi, kwa fundo linalokaba linapovutwa, kisha ivutwe kwa winchi ya pili hadi ya kwanza ipate nafuu.

Sasa kuachia kwenyewe. Mkono wa kulia unashika mkia. Kiganja cha kushoto kinawekwa bapa juu ya mizunguko, vidole vikiwa vimenyooka pamoja kama unayempapasa ng'ombe ubavuni, na unakandamiza. Kisha mkia unalegezwa kidogo huku kiganja kikisindikiza mizunguko kurudi nyuma, sentimeta mbili, tatu, nne, kinasimama, kinasindikiza tena. Ukifanya vibaya kamba inakaa kimya, halafu inaruka kwa mkupuo na madumu yanagonga ardhi. Ukifanya vizuri yanashuka kama yanayotua kwa hiari. Niliyagongesha ardhini siku nyingi, na dumu moja lilipasuka, na lilikuwa limejaa. Kuna siku niliacha kiganja na kutaka kuudhibiti mkia peke yake, kamba ikapita mkononi, na nikajua kwa nini watu huvaa glavu: ngozi iliungua mstari mmoja mwembamba, mweupe kwanza, kisha mwekundu.

Ukitaka kuachia yote, kama wakati wa kugeuza boti, unalegeza kwanza hadi uzito utoke, kisha unainyanyua mizunguko yote kwa kuvuta mkia kwenda juu, na kamba inaruka yenyewe kutoka kwenye dramu. Kabla ya hapo unatazama miguu yako na ya wenzako. Kamba inayokimbia huchukua kila kilichosimama ndani ya kitanzi chake. Vilevile kwenye boti zenye vibano vya kamba, hasa kwa henza, ile kamba ya kupandishia tanga, kibano hakifunguliwi kabla winchi haijachukua mzigo kwanza, la sivyo uzito wote unaokaa kwenye kibano unahamia mkononi mwako kwa mara moja. Na kamba ya nailoni, inayotumika kwa nanga na kufungia boti gatini kwa sababu inavutika, usisimame kwenye mstari wake inapokazwa. Ikikatika inarudi na nguvu zote ilizokuwa imezimeza. Madereva wetu wa malori wanalijua hili. Wakivutana kwenye tope la Bahi wakati wa masika humfukuza kila mtazamaji aliyesimama karibu na waya.

Nilirudi Msasani baada ya treni ya SGR kuanza safari za Dodoma mwezi Julai 2024, na safari ambayo kwa basi ilikuwa ikinimalizia siku nzima ikawa ya asubuhi moja. Nitapita haraka hapa, kwa kuwa hakuna kilichotokea. Upepo ulikuja, nikaweka kiganja, nikaachia upana wa vidole vinne, boti iliyokuwa imelala ikainuka kidogo. Nahodha alikuwa akimenya chungwa.

Lililonirudisha kwenye kuandika ni jambo la mwezi uliopita, hapa hapa Nkuhungu. Mzee anayechimba visima, yule aliyenikopesha fremu, aliingia uani akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," akaketi kwenye kigoda, akaitazama winchi kwa muda mrefu. Alikuwa na kisima nyumba ya tatu kutoka kwetu, na pete za zege za kushusha ndani yake, ambazo nilizikadiria kuwa na kilo 250 kila moja. Alitaka winchi.

"Huko chini atakuwepo mtu?" nilimuuliza.

"Kijana wangu. Nani mwingine ataipokea?"

Nikakataa, na ilinibidi nikatae mara tatu kwa heshima, kwa sababu yeye ni mtu mzima na alikuwa amenifaa. Winchi hii ni ya mtumba, sijui imebeba nini maisha yake yote, na vijino vyake ni punje mbili za hindi. Sikuwa tayari kuitundikia zege juu ya kichwa cha mtu. Hakukasirika. Alisema kwamba amezishusha pete hizo kwa kamba ya katani miaka thelathini na aliitaka winchi kwa uvivu tu wa uzee. Kisha akanialika nikaone.

Nikaenda. Kijana alitolewa kisimani, nadhani kwa ajili yangu. Pete ilifungwa kamba mbili, na mzee akaichukua ile kubwa, akaizungusha kwenye shina la mwarobaini uliosimama nyuma ya kisima mara tatu, akaegemea nyuma kidogo, akaweka kiganja chake cha kushoto bapa juu ya mizunguko, na kuanza kuilegeza. Pete iliingia shimoni bila kugusa ukingo. Gome la mti pale lilikuwa limeliwa laini, likang'aa. Nilikuwa nimetumia miezi, winchi, mizani na dumu moja lililopasuka kukifikia kiganja kile, naye alikuwa nacho nyumba ya tatu.

Kitu kimoja tu sikuweza kukinyamazia. Kamba iliyobaki ilikuwa imejikunja chini miguuni pake, na mguu wake wa kulia ulikuwa katikati ya duara.

"Mzee, mguu."

Akauangalia, akiwa bado ameshikilia kilo 250 kwa mkono mmoja, akauinua taratibu, akauweka nje ya kamba, akaendelea kuachia.